Likizo ya Mwanamvua

Munje, Msambweni
3 Septemba 2024

Ndugu yangu Swabir,

Amani ya Mola ikufikie huko uliko, ikukute una afya na una kivuli cha kukaa. Sisi huku tu wazima. Goti la mama limepoa, ila macho ndiyo yanayomsumbua. Mtoto wa jicho amekuwa mkubwa, na sasa akichagua mchele huutafuta kwa vidole. Mbuzi wa jirani yetu Nassir wameingia tena kwenye mihogo yetu. Amekuja kuomba radhi, yamekwisha.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu yako hukatika kila tunapofika kwenye neno lenyewe, na sijui kama ni mtandao au ni wewe. Barua utaisoma mpaka chini.

Neno lenyewe ni mwanao. Mwezi wa nane, shule zilipofungwa, walikuja vijana wa shirika pamoja na mzee wa kijiji, wakiuliza nyumba zenye watoto viziwi. Walikuwa wakitayarisha kambi ya likizo Msambweni, kwenye shule iliyokuwa tupu. Watoto watalala huko, watacheza, watafundishwa lugha ya ishara. Mimi sikutaka. Mwanamvua ana miaka kumi na miwili na hajalala nje ya nyumba hii tangu mama yake alipofariki. Tena ningemwambiaje anakokwenda? Wajua tunavyozungumza naye: njoo, kula, lala, acha. Hayo kwa mkono, na mengine kwa kumsukuma. Lakini mama akasema, "Mwache aende akaone wenziwe." Nikampeleka. Nilipoondoka alinishika leso, nikamtoa vidole kimoja kimoja.

Kambi ilipokwisha nikaenda kumchukua, na nusura nimpite. Alikuwa katikati ya kundi la watoto, mikono inakwenda mbio, wote wamemkodolea macho, kisha wote wakaangua kicheko. Yeye ndiye aliyekuwa akisimulia. Swabir, mimi nimemlea, na sikujua kwamba mtoto huyu ana visa vya kusimulia. Nilisimama kando nikaona haya kumwita.

Sasa yuko nyumbani na mikono haitulii. Hunionyesha mtungi, akafanya ishara, akaningoja. Hunionyesha mbuzi, akafanya ishara, akaningoja. Mimi nisiyejua la kujibu hutikisa kichwa tu, naye hurudia polepole, kwa subira, kana kwamba mgonjwa ni mimi. Kuna ishara moja anayoirudia kuliko zote: huvipitisha vidole viwili kidevuni kama mtu anayejikuna, kisha hufungua viganja na kunikazia macho. Nimempa maji, nimempa chakula, nimemtazama meno nikidhani yanamuuma. Siyo. Wewe umetembea, umeonana na watu. Niulizie.

Wale vijana walisema kambi itarudi Disemba. Natumai watatimiza.

Dada yako,
Maimuna


Kambi ya barabara, Turkana
9 Oktoba 2024

Dada Maimuna, shikamoo. Mama naye nampa shikamoo yake, na mwambie sijamsahau kwenye dua.

Barua yako ilikaa Lodwar kwenye ofisi ya mabasi mpaka dereva wetu alipoteremka kuchukua dizeli. Huku ni jua na vumbi. Naendesha greda tangu asubuhi, na jioni nikishuka bado mwili unatetemeka kama niko juu yake. Chakula si kibaya. Wenzangu wengi ni wa bara, wanaucheka Kiswahili changu, wanasema nazungumza kama kadhi.

Kuhusu macho ya mama, ulizieni hospitali kama kuna upasuaji, msimwachie mtu wa dawa za majani.

Kuhusu Mwanamvua, nimefurahi kwamba alipata kucheza. Hiyo ishara usiitie moyoni. Watoto huokota mambo kisha huyasahau. Ataizoea tena nyumba. Nimempa mwenzangu anayekuja pwani viatu vyake, vyekundu, kama alivyopenda siku ile nilipokuwa nyumbani.

Disemba nitaangalia kama nitapata ruhusa.

Swabir


Munje
31 Oktoba 2024

Swabir,

Salamu zako zimefika na mama amezipokea kwa furaha. Tumempeleka hospitali, wanasema asubiri kuitwa. Mihogo tumeanza kuchimba. Bi Esha wa ng'ambo ya barabara amejifungua mtoto wa kike, wote salama, na watu wa nyumba hiyo sasa hawalali.

Viatu vimefika pia. Ni vya mtoto wa miaka tisa. Mwanamvua aliviangalia sana, akajaribu kuingiza mguu, kisha akampelekea mtoto wa Nassir.

Hajasahau. Nakuandikia ili ujue hivyo. Wiki ile ya pili ya mwezi nilirudi kutoka shamba nikamkosa. Tulimtafuta kisimani, tukamtafuta ufuoni, wanaume wakaingia mikokoni. Alasiri mlinzi wa ile shule ya Msambweni akamleta kwa bodaboda. Alikwenda kwa miguu peke yake, akaingia ukumbini walikokuwa wakichezea, akakaa sakafuni. Mlinzi anasema alimkuta akitazama mlango. Shule ina wanafunzi wake sasa, walimzunguka wakamwita bubu, naye hakuondoka.

Nilimchapa. Kisha nikamkumbatia. Sijui ni lipi alilolielewa.

Siku chache baadaye akaenda tena. Safari hii Nassir alimkuta kwenye lami, anatembea katikati, na nyuma yake lori la miwa linapiga honi mpaka dereva amesimama juu ya breki. Nassir aliniambia, "Dada, siku nyingine haitakuwa hivi." Nilikaa pale pale mlangoni.

Mama haoni. Mimi nina shamba, nina maandazi ya kuuza asubuhi, siwezi kumshika mkono kutwa. Basi nimefanya niwezalo, na sasa hatoki. Usiniulize zaidi.

Nilikuomba uniulizie ishara. Hukunijibu.

Maimuna


Kambi ya barabara, Turkana
24 Novemba 2024

Shikamoo dada.

Barua yako niliisoma nikiwa juu ya mashine, nikateremka, na msimamizi akanipigia kelele. Tuyaache hayo.

Nassir alinipata kwenye simu siku nilipopanda kilimani penye mtandao. Anasema mlango wa chumba cha Mwanamvua una kufuli kwa nje, na kwamba wewe ukienda shamba husikika akiugonga. Nakuuliza kwa heshima, dada. Ni kweli?

Kuhusu ishara nimefanya ulivyotaka. Lodwar kuna mwalimu wa watoto viziwi, yeye mwenyewe hasikii, anaitwa Mwalimu Mercy. Jumapili nilimwendea nyumbani kwake. Mumewe anasikia, akatutafsiria. Nikafanya vile ulivyoandika, vidole viwili kidevuni, kisha viganja. Nikamuuliza neno hilo lina maana gani.

Mwalimu akanitazama, akaniomba nirudie. Kisha akamwambia mumewe, naye akaniambia: "Anasema hilo si neno. Ni jina la mtu."

Viziwi hawaitani kwa majina yetu, dada. Hupeana majina yao wenyewe, kwa kitu cha mwili au cha tabia. Huyo ni mtu mwenye alama kidevuni, kovu au kidonda. Na viganja ni swali. Mwanangu, akasema, anauliza fulani yuko wapi. Tangu Agosti anamuuliza kila mtu nyumbani rafiki yake yuko wapi.

Kisha Mwalimu akaniuliza mimi namwitaje mwanangu. Nikasema Mwanamvua. Akasema hilo ni jina mnalomwita nyinyi mnaosikia, yeye hajalisikia hata siku moja. Kwa mikono namwitaje? Chai ilikuwa imeletwa. Nikainywa.

Disemba sitakuja. Wanataka barabara ifunguliwe mwaka mpya na ruhusa zote zimefutwa. Mtafute huyo mwenye alama. Labda akimwona atatulia.

Swabir


Munje
12 Januari 2025

Ndugu yangu,

Mwaka umeingia nasi tuko hai, Mola ashukuriwe. Mama bado hajaitwa hospitali. Korosho zimetoka chache, upepo uliyaangusha maua.

Kufuli ni kweli. Kulikuwa na lori na kulikuwa na kufuli, na wewe hukuwapo. Nakuachia uchague ambalo ungelichagua.

Kambi haikurudi. Tuliwangoja mpaka shule zikafunguliwa. Simu ya wale vijana haipatikani. Mzee wa kijiji anasema mfadhili amekwenda kusaidia nchi nyingine, na kwamba hata yeye alikuwa ameahidiwa fulana. Siwalaumu. Walikuja na wema wao, wakampa mtoto mdomo, kisha wakaondoka na masikio.

Lakini nilimtafuta mwenye alama. Mama mmoja wa Msambweni aliyepika kambini alimkumbuka mara moja: msichana aliyeungua kwa uji kidevuni alipokuwa mdogo, jina lake Jumwa, mtoto wa Mwero, kwao ni mbali, kupita Kinango. Nikamwachia Bi Esha mama, nikamchukua Mwanamvua, tukatoka alfajiri. Hakujua tunakwenda wapi. Tulibadilisha gari Kombani, tukabadilisha Kinango, kisha tukapanda pikipiki kwenye vumbi, ng'ombe wamekonda, visima vikavu. Njia nzima alinishika mkono kwa nguvu. Nafikiri aliogopa kwamba nakwenda kumtupa.

Jumwa alikuwa akichunga mbuzi. Alituona kabla hatujamwona, akaja mbio, na Mwanamvua akaruka kutoka kwenye pikipiki ikiwa bado inakwenda.

Sijui nikuelezeje. Walikaa chini ya ukuta wa nyumba, wakaanza, hawakunyamaza. Nasema hawakunyamaza, hakuna neno jingine. Chakula kiliwekwa kikapoa. Mama yake Jumwa na mimi tulikaa kwenye mkeka tukiwatazama kama watu waliofika harusini bila kujua bwana wala bibi arusi. Mara moja Mwanamvua alininyooshea kidole, akaigiza mtu anayebeba beseni, anayekwenda kama bata, anayefoka. Ni mimi. Jumwa akacheka mpaka akajilaza. Baadaye akaigiza mlango, na mkono unaogonga, na Jumwa hakucheka, akanitazama. Mama yake Jumwa akaniuliza watoto wanasema nini. Nikamwambia sijui.

Yeye naye akaniambia polepole kwamba tangu Agosti mwanawe huamka akaenda njia panda, akasimama. Walidhani ana pepo. Wamekwisha kuchinja kuku wawili.

Jua lilipoteremka ikabidi tuondoke, gari la mwisho halingoji. Hapo ndipo sikuwa na namna. Ningemwambiaje kwamba tutarudi? Na je, tutarudi? Nilijaribu kwa mikono, nikaonyesha jua, nikaonyesha njia, nikaonyesha kwenda na kuja. Walinitazama wote wawili kwa adabu, kama wazee wanavyomtazama mlevi. Kisha wakaachana wenyewe. Hawakulia. Ni sisi mama zao tuliolia.

Sasa nimeliondoa kufuli, sina haja nalo. Amejua mwenziwe yuko wapi, na amejua ni mbali kuliko miguu yake. Hatoki. Hanionyeshi mtungi wala mbuzi. Huikalia mikono yake, Swabir, huiweka chini ya mapaja akaikalia. Nilikuwa naomba atulie. Ametulia.

Mtafutie shule. Sikuombi kitu kingine.

Maimuna


Kambi ya barabara, Turkana
6 Machi 2025

Shikamoo dada, na saumu njema kwenu nyote. Huku tunafuturu kwa uji na maji ya moto ya tangi, lakini tunafuturu pamoja, hata wasiofunga hutungoja.

Barua yako ya Januari nimeisoma mara nyingi. Sikujibu upesi kwa sababu nilitaka kwanza nipate jibu la shule.

Sasa ninalo. Nilimpelekea Mwalimu Mercy ile habari ya mikono kukaliwa. Akachukua simu yake akaanza kuwaandikia walimu wenzake wa pwani. Shule moja ilisema imejaa. Nyingine ilisema mtoto wa miaka yake ambaye hajaanza masomo hawamchukui. Ya tatu, ya bweni, imekubali kumjaribu kuanzia muhula wa pili. Ada nitaituma mimi, wewe mpeleke.

Nilianza pia kwenda kwa Mwalimu kila Jumapili kujifunza ishara. Nilikuwa nimepata maji, chakula, mama, baba, njoo, nenda, leo, kesho. Lakini kambi yetu imehamishwa mbele, karibu na mpaka, na hakuna gari la kurudi Lodwar siku za mapumziko. Kwa hiyo nimeishia hapo. Jioni nikiwa peke yangu huyarudia ili yasinitoke, na wenzangu wanafikiri napunga mbu.

Unataka kuniuliza kwa nini siji, na katika barua zako zote umelizunguka swali hilo. Mara ya mwisho nilipokuja nilimkuta mlangoni, akanipisha njia kama anavyopishwa mgeni, akaenda kunichukulia kiti. Mwanangu alinichukulia kiti, dada. Nilikaa juu ya kiti hicho siku zote zile nilizokuwa hapo.

Mpeleke shule. Ukimwacha pale, mwambie

Nilitaka kuandika mwambie baba yake anampenda. Basi mpeleke tu.

Swabir


Munje
19 Agosti 2025

Ndugu yangu Swabir,

Nimechelewa kuandika, unisamehe. Mama amepasuliwa jicho moja, la kulia, lakini daktari anasema lilikuwa limecheleweshwa. Anaona mwanga na vivuli tu. Hanung'uniki. Nassir ameuza mbuzi wote, mihogo imepumua.

Nilimpeleka Mwanamvua muhula ulipofunguliwa. Nilipotoa sanduku alifikiri ni kambi, akafungasha yeye mwenyewe kwa furaha, na mimi sikuwa na namna ya kumweleza kwamba si siku chache, ni miezi. Tulipofika getini watoto walikuwa uani, mikono yao juu. Aliachilia leso yangu kabla sijajua kwamba ameishika. Alikwenda bila kugeuka. Mwalimu aliniuliza kama nataka aitwe aniage, nikasema aachwe.

Muhula wote hakuna aliyenipigia simu kwamba analia. Nilipokwenda siku ya wazazi alikuja, akanibusu mkono, akakaa nami kwa heshima, macho yake yako kwa wenziwe. Mwalimu anasema ana akili nyepesi, anawashinda waliomtangulia, tena ni mcheshi, huwaigiza walimu mpaka wanakimbia. Nilisikia hayo kama mtu anayesifiwa mtoto wa jirani.

Kisha shule zikafungwa, akarudi nyumbani. Barabarani watoto wote wa Munje wanapiga kelele za likizo. Yeye ameshuka na sanduku lake, akatusalimia, akaliweka nyuma ya mlango, na mpaka leo hajalitoa nguo. Huvaa moja, huifua, ikikauka huikunja akairudisha ndani. Kazi zote anafanya, hata nisizomtuma. Hakasiriki. Lakini likizo kwake ni kama kifungo, naye anakitumikia kwa tabia njema ili kiishe. Kambi mwaka huu hakuna. Nimewauliza wote wanaoulizwa. Jumwa shule haikumchukua, na njia ya kwao nimeambiwa mvua imeikata.

Mwalimu wake alinipa karatasi zenye picha za mikono. Usiku macho yangu hayazioni vizuri, na mchana sina nafasi. Nimejifunza chache. Nikimfanyia, hunirekebisha kwa upole, kisha hujibu kwa mengi ambayo siyajui, kisha hukumbuka kwamba siyajui, akaacha.

Nilitaka nikufiche la jana, lakini wewe ni baba yake.

Alasiri mama aliomba nimpeleke alipokaa Mwanamvua, jikoni, anachambua mchicha. Nikamwekea kigoda. Akaishika mikono yake mtoto, akaanza kuzungumza naye, kwa sauti ya kawaida, kama anavyozungumza na mimi. Akamsimulia habari za mama yake alivyokuwa mweupe wa meno, na wewe ulivyoumwa na nyuki, na babu yetu aliyekuwa akiimba akilima. Marefu, Swabir. Mtoto hasikii na bibi haoni kwamba mtoto hasikii, au anajua na hajali. Nilitaka kumwambia mama aache. Sikuweza.

Mama aliponyamaza, Mwanamvua hakuitoa mikono yake. Akaigeuza ile ya mama, akavishika vidole vyake vya kizee, akaanza kuvipanga: hiki akakikunja, hiki akakinyoosha, kiganja akakipeleka kifuani, akakirudisha mbele. Akavipanga tena kwa namna nyingine. Alikuwa ametulia sana, midomo ameikaza kama anayetunga uzi kwenye sindano. Ilichukua muda mrefu, neno juu ya neno, na mama anamwachia, anacheka kidogo kidogo.

Alipomaliza aliirudisha mikono ya mama mapajani, akaishikilia, akanigeukia kunitazama.

Mama naye akageuza uso upande wangu. Akaniuliza, "Maimuna, nimesema nini?"

Dada yako,
Maimuna